Nani Alichora Lile Tangazo? Historia Fupi ya Storibodi Jijini Nairobi

Leo tarakilishi tutaigusa pembeni tu. Nataka tuzungumze kuhusu penseli.

Mwezi uliopita kampuni moja ya matangazo hapa Nairobi (jina nalihifadhi) iliniita kwa kazi. Walitaka niwajengee programu: mtu anaandika maelezo ya tangazo, mashine inamtolea storibodi nzima, fremu kwa fremu, kwa mtindo wa nyumbani. Si mtindo wa Marekani, walisisitiza. Mama wa kwenye picha awe mama wa Kawangware, na matatu iwe matatu kweli. Ili mashine ijifunze mtindo huo, wakanipa diski yenye kurasa 214 zilizoskaniwa kutoka kabati la zamani.

Nilipofika ukurasa wa kumi hivi nikaona mshale. Mshale mnene, mkia wake umegawanyika mara mbili kama mkia wa mbayuwayu. Nikajua ni mkono wa nani, maana nilikaa meza moja na mkono huo karibu miaka mitatu. Nikarudi mwanzo nikapitia kurasa zote. Jina la mteja lipo, tarehe zipo hapa na pale, jina la bidhaa lipo kila mahali. Jina la mchoraji halipo hata mara moja.

Kwa hiyo kabla sijaandika mstari mmoja wa msimbo, nimeamua kuandika ninachojua kuhusu kazi hii. Historia ya video na matangazo ya Kenya husimuliwa kupitia waimbaji, waelekezi na kampuni. Waliochora hawatajwi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, storibodi ni msururu wa picha zilizochorwa, kila moja ndani ya kisanduku, zinazoonyesha tangazo au video ya muziki itakavyokuwa kabla kamera haijawashwa. Chini ya kila kisanduku kuna maelezo mafupi: nani anafanya nini, sauti gani inasikika, sekunde ngapi. Runinga yetu imetumia picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo tangazo la sekunde 30 ni picha 750. Mchoraji huchagua 12, 15 au 20 kati ya hizo, zile ambazo ukiziondoa hadithi inavunjika. Wenzangu wa programu mtaitambua hesabu hii. Ndivyo mifumo ya kubana video kama MPEG inavyofanya: huhifadhi picha kamili chache, na za katikati huhifadhi tofauti tu. Mchoraji wa storibodi hufanya hivyo hivyo, ila yeye ana raba.

Halafu kuna mishale. Mshale ndani ya kisanduku ni mwendo wa mtu au gari. Mshale nje ya kisanduku ni mwendo wa kamera. Kisanduku kidogo ndani ya kikubwa, kilichounganishwa nacho kwa mistari kwenye pembe, maana yake kamera inasogea karibu. Ukichanganya wa ndani na wa nje, siku ya kupiga picha watu thelathini watasimama juani wakibishana.

Mimi niliingia kazi hii mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Chiromo. Kodi ya chumba ilikuwa imenishinda. Binamu yangu alikuwa akibeba taa kwenye video za muziki, na alikuwa ameona daftari zangu zilivyojaa michoro pembezoni. Akanipeleka River Road, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuuza nyimbo za injili, kwa mzee mmoja aliyekuwa akichorea kampuni za matangazo tangu mapema miaka ya 1980. Nitamwita Mzee tu, maana ndivyo sote tulivyomwita. Yeye aliniita Kompyuta. Malipo yalikuwa shilingi 400 kwa fremu ya penseli, 700 ikipakwa rangi.

Kazi ya kwanza aliyoniachia peke yangu ilikuwa tangazo la unga. Nilichora jikoni, mama amesimama mbele ya meko ya gesi, mkono mmoja umeshika mwiko, mwingine uko kiunoni, anatabasamu. Nikaona nimeweza. Mzee akavaa miwani.

"Kompyuta, huyu mama anasonga ugali ama anakoroga uji?"

"Ugali, Mzee."

"Na sufuria imeshikwa na nani?"

Nikanyamaza. Kila mtu aliyewahi kusonga ugali anajua kwamba usiposhika sufuria itazunguka na mwiko, au itakumwagikia miguuni. Mama yangu huishika kwa kitambaa. Nyanya yangu alikuwa akiikaza kwa kijiti juu ya mafiga. Mimi nilikuwa nimechora mwanamke asiyejua kupika, akiuza unga. Raba, dakika tano, mkono ukashuka kutoka kiunoni hadi kwenye sufuria. Kosa hilo lingevuka hadi siku ya kupiga picha, jiko limekodiwa na mwigizaji ameshalipwa, ama lingerekebishwa kwa hasara, ama lingetoka hewani na nchi nzima icheke. Hiyo ndiyo kazi yote ya storibodi: kukosea pale ambapo kukosea ni bei ya karatasi.

Asili yake si Nairobi wala si matangazo. Ilianza Marekani kwenye studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sifa hupewa mchoraji mmoja, Webb Smith, aliyekuwa akichora matukio kwenye karatasi moja moja na kuzibandika ubaoni kwa mpangilio, ili wenzake wasimame mbele ya ubao na kubishana juu ya hadithi nzima kwa mara moja. Filamu fupi ya nguruwe watatu ya mwaka 1933 ni miongoni mwa za kwanza kuandaliwa hivyo mwanzo hadi mwisho. Kufikia 1939, filamu yenye waigizaji wa kweli kama Gone with the Wind ilichorwa kwanza, chini ya William Cameron Menzies. Kampuni za matangazo nazo zikaichukua, kwa sababu mteja anayelipa pesa nyingi hataki kusikia maelezo. Anataka kuona.

Kwetu runinga ilianza 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na rangi ikaja 1978. Kampuni za kimataifa kama McCann-Erickson na Ogilvy & Mather zilikuwa na matawi Nairobi, na zilikuja na desturi zao, storibodi ikiwemo. Tangazo la heshima lilipigwa kwa filamu ya milimita 35. Roli ya futi 1,000 huisha kwa dakika 11 hivi, na filamu haifutiki. Ukiwasha kamera bila kujua unachotaka, umechoma pesa ya mtu. Kwa hiyo karatasi ilitumika sana. Mzee alinisimulia walivyokuwa wakipaka rangi kwa kalamu za maka usiku kucha madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya harufu, kisha asubuhi wanabandika fremu kwenye kadibodi nyeusi na kuzibeba kwa miguu hadi ofisi ya mteja, wakiomba mvua isinyeshe.

Lakini wachoraji wenyewe walitoka wapi? Hapo ndipo historia yetu inaanza kuwa yetu. Walitoka magazetini. Mtu aliyekua Kenya akipenda kuchora alikuwa na walimu aliowanunua kwa bei ya gazeti. Katika Taifa Leo kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Kiswahili kwa miongo. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyefundisha sanaa hapa, walianzisha jarida la Joe, lililojaa katuni za maisha ya Nairobi: baa, mabasi, kodi ya nyumba, mishahara isiyofika mwisho wa mwezi. Alikuwepo Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi akatupa Akokhan (alifariki katika ajali ya matatu mwaka 2012). Gado naye alitoka Dar es Salaam akaingia gazeti la Nation mwaka 1992. Baadaye alikwenda Vancouver kusomea uhuishaji, na mwaka 2009 akatuletea The XYZ Show, vikaragosi vya wanasiasa kwenye Citizen TV.

Mzee alikuwa na nakala za Joe ndani ya sanduku la mbao na hakuruhusu mtu kuzishika akiwa amekula chapati. Alisema alijifunza humo jinsi ya kumchora mtu wa mjini akiwa amechoka bila kumchora uso, kwa mabega tu. Hata hivyo alinionya kwamba katuni na storibodi ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Mchora katuni anaweza kupanua kisanduku, kukivunja, kuweka maneno angani. Storibodi ina kisanduku kimoja tu, kipimo kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu runinga haipanuki. Zamani kilikuwa 4 kwa 3, sasa ni 16 kwa 9. Na mchora katuni anamchorea msomaji. Sisi tunamchorea mtu anayebeba kamera, ambaye hataki kuvutiwa, anataka kujua asimame wapi.

Kwa kweli kuna storibodi mbili, na ilinichukua muda kuelewa. Ya kwanza ni ya mteja: fremu chache, zimepakwa rangi, nyuso zinang'aa, bidhaa inaonekana vizuri kuliko itakavyowahi kuonekana. Ya pili ni ya kupigia picha: penseli tupu, fremu nyingi, vichwa bila macho, mishale kila upande. Ya kwanza ndiyo hulipwa vizuri. Ya pili ndiyo hufanya kazi, na ndiyo hutupwa kwanza.

Video za muziki ni hadithi nyingine. KTN ilipoanza mwaka 1990 ikavunja ukiritimba wa shirika la serikali, kisha mwishoni mwa muongo huo zikaja Nation TV na Citizen, na redio za FM zikajaa. Kukawa na nafasi hewani ya kujazwa. Ndipo Ogopa Deejays na Calif Records wakatupa wale wasanii wa mwanzo wa miaka ya 2000: E-Sir, Nameless, Jua Cali na wenzao. Mwaka 2005 MTV Base ikaanza kuonekana Afrika, na msanii wa Eastlands akaanza kuota kuonekana Lagos na Johannesburg. Video nyingi za wakati ule hazikuchorwa. Mwelekezi alikuwa nazo kichwani, gari limeazimwa kwa saa nne, jua linazama, twende. Storibodi iliingia kwenye muziki kupitia mlango wa pesa, pale kampuni zilipoanza kudhamini video na kutaka kujua nembo yao itakaa sekunde ngapi.

Nilipenda video kuliko matangazo, na sababu ni ya kihesabu (msinicheke). Wimbo una mapigo. Ukiwa na mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6, mapigo manne ni sekunde 2.4, na kwa picha 25 kwa sekunde hiyo ni picha 60 kamili. Kwa hiyo unajua mapema kwamba mkato utaangukia picha ya 60, ya 120, ya 180. Niliandika programu ndogo ya kugawa wimbo wote hivyo na kunitolea visanduku vitupu vyenye saa zake. Mzee aliitazama kwa adabu. Yeye aliuweka wimbo kwenye redio yake, akagonga penseli mezani hadi mwisho, akaandika namba pembeni. Tukalinganisha. Tulitofautiana sehemu moja tu, pale mpiga ngoma alipochelewa kwa makusudi. Yeye ndiye alikuwa sahihi.

Siku nyingi zilikuwa hivi: asubuhi darasani Chiromo, mchana River Road, jioni matatu ya 46 kupanda Valley Road kupeleka michoro Hurlingham, Kilimani au Lavington. Kampuni nyingi za video zilikuwa upande huo wa magharibi, kwenye zile nyumba za zamani zenye bustani, ambako kuna kimya cha kurekodi sauti na nafasi ya kuegesha magari ya vifaa. Mji ulikuwa umegawanyika hivyo: katikati wanauza, wanadurusu sidii na kuchora, magharibi wanapiga picha na kusaini hundi. Leo nyumba kadhaa nilizopeleka michoro zimevunjwa, na mahali pake pana maghorofa. Michoro iliyokuwa humo ilienda na vifusi.

Kamera ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Septemba 2008 Canon walitangaza 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyoweza kurekodi video safi. Baada ya hapo kijana mwenye kamera moja na lenzi ya kuazima aliweza kupata picha ambayo zamani ilihitaji lori la vifaa. Kadi ya kumbukumbu ikijaa unafuta unaanza tena. Kama kukosea ni bure, kwa nini uchore kwanza? Wakati huo huo, Julai 2009, kebo ya SEACOM ilifika pwani na intaneti ikaanza kushuka bei. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Bishop Magua Centre, Ngong Road, na mwezi huo huo Just A Band wakatoa video ya Ha-He na shujaa wake Makmende. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu ya 1983, yalivyosikika na watoto wa mitaani kwetu. Video haikungoja runinga. Ilisambaa mtandaoni, watu wakatunga vichekesho na kuchonga majalada bandia ya magazeti, hadi Wikipedia ikafuta ukurasa wa Makmende zaidi ya mara moja kabla ya kukubali kwamba jambo hili ni la kweli.

Wengi wakasema basi, wachoraji kwisha. Haikuwa hivyo, angalau si mara moja. Just A Band wenyewe walikuwa na wachoraji na wahuishaji ndani ya kundi, na video yao ya Iwinyo Piny ilikuwa ya uhuishaji. Na uhuishaji hauwezi kukwepa storibodi, kwa sababu hakuna kamera ya kuwasha. Mwaka huo wa 2010 CBeebies ya BBC ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyohuishwa hapa Nairobi na Homeboyz pamoja na Tiger Aspect ya Uingereza, kwa mtindo wa picha alizoanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam. Kwa mchoraji wa storibodi hilo ni fumbo tamu: picha za Tingatinga ni bapa, mnyama huonekana ubavuni, hakuna mbali wala karibu. Mshale wa kuisogeza kamera ndani unauelekeza wapi? Mwaka huo huo Shujaaz wakaanza kusambaza vitabu vya katuni vya Sheng ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa mawakala wa M-Pesa, bure. Kizazi changu kilijifunza kuchora kutoka humo. Mimi ni mmoja wao, nikiwa darasa la saba.

Na kwenye matangazo, vita vya kampuni za simu viliweka mkate mezani. M-Pesa ilizinduliwa 2007, Zain ikawa Airtel 2010, Scangroup ilikuwa imeingia soko la hisa tangu 2006, na kila wiki kulikuwa na kampeni. Mteja mkubwa hatoi pesa kwa maneno matupu, hata kamera iwe rahisi vipi. Storibodi ya kupigia picha ilipungua, ya mteja ikazidi.

Kuna msomaji mwingine wa michoro yetu ambaye watu humsahau: serikali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo ni ya mwaka 1962, ilidai kwamba anayeomba leseni ya kupiga filamu aambatishe maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayosemwa, pamoja na ya nyimbo. Na mwaka 2016 bodi ya uainishaji wa filamu iliitaka Coca-Cola iondoe busu kwenye tangazo lake. Nilipoingia kazini mwaka uliofuata, swali "hii itapita?" liliulizwa kwenye fremu, kwa penseli. Nimefuta mabega wazi mengi. Sikupenda, lakini nilifuta.

Sasa turudi kwenye zile kurasa 214.

Niliacha kuchora mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha kazi za video nami nikapata ajira ya programu. Kilichonivusha ni Storyboarder, programu huria ya kuchorea storibodi iliyotoka 2017. Nilisoma msimbo wake kwa udadisi, JavaScript tupu, na faili zake ni JSON unayoweza kuifungua kwa kihariri chochote. Kupitia humo nikaelewa jinsi programu kubwa inavyopangwa kuliko nilivyoelewa darasani. Nikaandika yangu ndogo ya kuhifadhi michoro yetu: namba ya fremu, sekunde, maneno, mteja, tarehe. Juzi niliifungua tena. Sikuweka sehemu ya jina la mchoraji. Mimi, niliyekuwa nikichora.

Sheria nayo haimsaidii sana asiyejua. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Uingereza, kwa sheria yao ya 1988, mchoraji wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka atie sahihi ya kuihamisha. Kwetu kimya cha mchoraji humpa kampuni kila kitu. Kwa hiyo kampuni iliyoniita haijaiba. Kurasa ni zao, na wana haki ya kuziskani. Ila kifungu kinachofuata, cha 32, kinasema kwamba hata baada ya haki hizo kuhamishwa, mtunzi anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi. Nilikisoma mara tatu. Kwa maneno mengine picha inauzwa, jina haliuzwi. Lakini utambue vipi jina ambalo halikuandikwa?

Tangu Midjourney na Stable Diffusion zilipotoka mwaka 2022, storibodi ya mteja inaweza kupatikana kabla chai haijapoa. Mimi si mtu wa kulilia teknolojia, ndiyo chakula changu. Na mji huu uko ndani ya mashine hizo tayari: Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliosafisha data za OpenAI kwa chini ya dola mbili kwa saa. Ninachojua ni kwamba mashine ikifundishwa kwa kurasa hizi itajifunza kushika sufuria. Itajifunza kwa sababu Mzee alimchora mama akiishika, mara nyingi, kwa miaka. Halafu itamtolea mtu mwingine mkono ule ule na hakuna atakayejua ulitoka ghorofa ya tatu, River Road.

Niliwaandikia sharti langu: kila ukurasa uwe na jina la aliyeuchora pale linapoweza kupatikana, jina hilo libaki ndani ya data hadi mwisho, na walio hai waulizwe na walipwe. Hawajajibu.

Jumapili nilichapisha kurasa 42 nilizodhani ni za Mzee nikampelekea nyumbani, Dagoretti. Alikuwa hajaziona tangu miaka ya 1990. Alizitandaza kitandani, akazipitia polepole kama mtu anayehesabu pesa. Thelathini na moja akasema ni zake. Tisa akazitaja wenyewe, mmoja mmoja, majina manne, wawili wamefariki. Mbili hakuzijua. Kisha akarudi kwenye moja kati ya zake, tangazo la sabuni, mwanamke amejifunga leso nyekundu.

"Hii nyekundu si yangu," akasema. "Mimi nilichora tu. Rangi alipaka msichana mmoja aliyekuwa mafunzoni, alikuwa na mkono mwepesi sana."

Akafikiri kidogo, akanitajia jina lake. Nimeongeza safu ya pili kwenye jedwali, ya aliyepaka rangi, na kufikia sasa ina jina moja.